Springi za Mwaka wa Shibe

Jumamosi, 6 Oktoba 1984

Leo nimekabidhiwa ufunguo wa Landrova. Naandika ili nione kama ni kweli: mimi Syombua, niliyekuwa karani wa mizani katika ghala la pamba mpaka pamba yenyewe ikakosekana, ndimi dereva wa mwethya wetu. Mwethya ni kina mama kumi na wawili, pamoja nami, tunaochimba matuta na kujenga bwawa la mchanga huku kusini ya Mutomo, na gari ni letu sote.

Ufunguo umekuja na sharti. Muthoki, mwenyekiti wetu, alisimama mbele ya kanisa akasema, "Tunampa Syombua msimu mmoja. Mvua inyeshe, mavuno yaingie, halafu tukutane hapa tarehe ishirini na tatu mwezi wa pili. Gari likiwa linatufikisha hospitali na soko, ufunguo ni wake. Lisipotufikisha, unarudi kwa Mutunga."

Mutunga ni mume wa Muthoki, na ndiye aliyeendesha kwa miaka miwili. Alikuwa nyuma kabisa akitafuna kijiti. Tulipotoka akaniambia, "Shika tu, dada. Lakini Landrova si mizani ya pamba, eti unasoma mshale halafu unaenda nyumbani." Nikamwambia angekuwa anasoma hata mshale mmoja, springi zisingelala.

Daftari hili ni la gari. Muthoki anataka kila safari iandikwe. Nitaandika kwa Kiswahili, kama nilivyozoea ghalani, na nitaandika na mengine yangu, maana kurasa ni nyingi na safari ni chache.

Jumatatu, 8 Oktoba

Nimeingia chini ya gari na kutoka na mchanga masikioni. Springi za Landrova ni mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, nayo yanatakiwa yapinde kama upinde wa kuwindia. Zetu zimenyooka kama rula ya shule. Kati ya ekseli na chesi vinaingia vidole vitatu tu.

Ndiyo maana gari hukwama mtoni. Njia yetu ya kutoka, iwe kwenda Mutomo au Kibwezi, ni moja, inapita kwenye kivuko chenye mwamba katikati, na gari linaufikia mwamba huo kwa tumbo. Mwaka juzi Nthenya alipelekwa kujifungua, gari likakalia mwamba, mtoto akazaliwa hapo hapo na hakufika jioni. Sasa Nthenya ana mimba nyingine. Anatarajia mwezi wa kumi na mbili, mto ukiwa umejaa, Mungu akitupa mvua.

Gari lazima liinuke. Hilo halina mjadala.

Jumanne, 9 Oktoba

Jua. Vumbi. Mahindi ya manjano ya msaada.

Ijumaa, 12 Oktoba

Nimekwenda Kibwezi kwa Irungu. Ni mtu wa Murang'a. Alikuja na lori la viazi, lori likafa, akalitengeneza mwenyewe, na watu wakaanza kumletea magari yao. Viazi hajauza tena.

"Unataka kuinua gari?" akaniuliza.

"Nataka lipite juu ya mwamba."

"Kuinua ni kitu rahisi, hata jeki inainua. Shida ni kukaa ndani ikishainuka." Akanionyesha seti mbili sakafuni. Moja ina mabamba membamba yaliyopinda sana. Nyingine ina mabamba manene, imetoka kwa gari lililokuwa likivuta trela huko Mtito Andei. "Zote zitainua gari mpaka kiganja kizima kiingie juu ya ekseli. Hizi nyembamba ukizizidishia mzigo, msimu mmoja zimelala kama za kwako. Hizi nene ukiziwekea mzigo mdogo, zinakataa kupinda. Zinakutupa wewe. Sasa niambie, siku ya kawaida unabeba kilo ngapi? Si siku ya harusi, ya kawaida."

"Wanawake kumi na wawili, nikiwemo."

"Mwanamke si kipimo, mama dereva. Bibi yangu Wariara ni mwanamke, na dada yake ni mwanamke, na huwezi kuwapakia upande mmoja." Akachukua chaki akaandika ukutani: chini ya 700, nyembamba, juu ya 700, nene. "Leta hesabu. Na nikishafunga sifungui, maana seti itakayobaki kuna mtu anaingojea."

Kupima! Nilikaribia kumkumbatia na grisi yake yote.

Jumatatu, 15 Oktoba

Siku ya mizani. Nimeomba ile ya zahanati, ya kusimama juu. Kina mama wamekuja wote kumi na mmoja, wamevaa kama wanaokwenda harusini: leso mbilimbili, sweta, kitambaa kichwani, na jua linachoma mpaka kuku wameingia chini ya benchi la wagonjwa.

"Vueni sweta, basi," nikawaambia.

"Nikivua nitashikwa na homa," akasema Susu Ndululu, mkubwa wetu kwa umri. Hakuna aliyevua.

Muthoki 68. Nthenya 70 pamoja na tumbo lake. Susu Ndululu, ambaye juzi upepo ulimyumbisha mlangoni mwa kanisa, 66! Nikasoma mshale mara mbili. Mwezi wa nane karani wa msaada alikuja akawapima mikono kwa utepe na kuwaandika kwa kalamu nyekundu. Siku hiyo nilikuwa Mutomo, sikupimwa. Naona tangu hapo unga umefanya kazi. Watu wanasema njaa hii ina jina lake na itasimuliwa, lakini mizani haina shangazi, haipendelei mtu.

Mimi nilivua viatu, nikabaki na gauni moja. 47. Nimeona aibu kidogo, wote wamenipita.

Jumla 762. Nimeandika kwa kalamu ya bluu na kupiga mistari miwili chini.

Ijumaa, 19 Oktoba

Springi nene zimefungwa. Irungu aliniambia ya upande wa dereva huwa imepinda zaidi kidogo, kwa sababu upande huo hubeba dereva na tangi la petroli. Nimejifunza jambo.

Nilirudi nikiwa juu kiasi cha kuona ndani ya nyua za watu. Mtoni nilipunguza mwendo, nikafumba jicho moja, nikangoja ule mgongano. Haukuja. Gari lilipita juu ya mwamba kama hauko! Nilishuka nikaurudia mwamba kwa miguu, nikaukanyaga. Najua ni utoto.

Meno yananiuma kidogo, na kiuno. Ni kwa sababu nilikuwa peke yangu. Mzigo ukiingia litatulia.

Jumamosi, 20 Oktoba

Halikutulia. Kina mama wamepandia kigoda, maana gari limekuwa refu, na tangu tuondoke mpaka sokoni walikuwa wakiruka kama mbaazi kwenye ungo. Kitambaa cha Susu Ndululu kilinasa kwenye chuma cha turubai, mwenyewe akashuka, kitambaa kikabaki juu. Walicheka sana. Nami nilicheka, lakini si kwa moyo wote.

Jambo jingine. Gari limeinama kidogo kushoto. Upande wangu uko juu kidole kimoja.

Jumapili, 28 Oktoba

MVUA! Ilianza mhubiri akiwa katikati ya mahubiri, na mabati yalipoanza kulia hakuna aliyemsikia tena. Tulitoka nje wote, naye akatufuata.

Jumamosi, 3 Novemba

Tumepanda. Mgongo umevunjika, moyo mzima.

Jumatano, 7 Novemba

Muthoki alipakia trei moja ya mayai, mayai thelathini. Yamefika mayai kumi na moja, na mengine yamefika tayari kukaangwa.

Mutunga amepata kazi mpya, ya kunisema. "Hiyo si gari, ni chekecheke," anawaambia watu dukani. "Mkipanda na mahindi, mnashuka na unga." Leo alinisimamisha njiani akasema anafikiria kushona mito ya kukalia na kuwauzia abiria wangu. Nikamwambia ashone na mmoja wa mdomo wake.

Jumatano, 14 Novemba

Nimepima tena. Irungu alisema mzigo ukikaa sawa, nafasi ya juu ya ekseli itakuwa kiganja kimoja kamili. Nikiwa na kina mama wote ndani, ni kiganja na vidole viwili. Springi hazipindi! Nimejumlisha mara tatu: 762, 762, 762.

Basi ni Irungu. Amenifungia za lori.

Jumamosi, 17 Novemba

Siku ya soko Kibwezi, nimekwenda na kina mama wote. Nimegombana na Irungu mbele ya watu.

"Umenifungia springi za lori!"

"Nimekufungia za kilo mia saba sitini na mbili. Ulileta mwenyewe, na mwandiko mzuri sana." Akainama, akatazama springi, akaingiza kiganja, kisha akainua macho akawatazama kina mama mmoja mmoja wakishuka. Akajikuna shingo. "Springi haijui kusoma, mama dereva. Inajua tu kile kimekalia. Na hapa hakuna mia saba."

"Mizani ya zahanati ni ya serikali!"

"Mimi sijasema mizani."

Nikawageukia kina mama waniunge mkono. Muthoki alikuwa ameanza kukagua vitunguu vya watu. Susu Ndululu, ambaye huwa hanunui nyanya maana analima mwenyewe, alinunua nyanya moja. Nilirudi nimenuna njia nzima. Nilitegemea wenzangu wanisimamie, wakaniacha niaibike peke yangu.

Alhamisi, 22 Novemba

Mvua usiku kucha na asubuhi. Mto umejaa. Hakuna safari.

Jumatatu, 26 Novemba

Mutunga amemwuliza mkewe mbele yangu kama kuna haja ya kungoja mwezi wa pili. Muthoki hakunitetea. Aliinamia mawe ya bwawa akaendelea kupanga. Nimeanza kufikiri anataka ufunguo urudi nyumbani kwake. Nimekula naye muthokoi wa mahindi na maharage sahani moja tangu tukiwa wasichana, na leo nimemfikiria hivyo. Naandika kwa sababu sina wa kumwambia.

Jumamosi, 1 Desemba

Nthenya amekuja kwangu. Amekaa, amekunywa chai, amezunguka maneno, mwishowe akasema, "Syombua, usikasirike. Hiyo gari siwezi kupanda. Nikipanda nitazaa kwa shimo la kwanza."

Sikukasirika. Nililia alipokwenda. Gari hili niliinua kwa ajili yake.

Jumatano, 5 Desemba

Leo nitaandika mpaka wino uishe.

Tulikuwa bwawani tangu asubuhi. Saa sita mchana Mutunga akaja mbio, bila kijiti mdomoni. "Nthenya ameshikwa. Mkunga anasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe Mutomo sasa hivi." Nikauangalia mto. Maji yalikuwa nusu ya gurudumu, yanakwenda kwa nguvu. Landrova ya zamani isingethubutu. Hii ilikuwa juu vya kutosha.

Nikamfuata Nthenya nyumbani, tukamlaza nyuma kwenye godoro. Tangu kwake mpaka bwawani si mbali, lakini kila jiwe la njiani lilimtupa, na kila akitupwa alipiga kelele ambayo sitaisahau. Nilipofika kwa wenzangu nikasimamisha gari.

"Siwezi kumpeleka hivi," nikasema. "Gari ni jepesi. Springi zinataka mzigo ndiyo zipinde. Ingieni wote."

"Tukiingia wote zitapinda?" Muthoki akauliza.

"Hazitapinda. Mmeshaona. Bado uzito utapungua." Nikajaribu kukadiria kwa vile vidole viwili. "Kilo mia na hamsini hivi. Sijui kwa nini, lakini zinapungua."

Muthoki akamtazama Susu Ndululu. Susu Ndululu akatazama miguu yake. Kisha Muthoki akavuta pumzi akasema kwa sauti ya mwenyekiti, "Kina mama. Kila mtu achukue lile lake."

Hakuna aliyeuliza lipi. Pembeni mwa ukuta wa bwawa kulikuwa na mawe yaliyopangwa peke yake. Siku zote nilidhani yamewekewa kona. Wakaenda, kila mmoja akainama akachagua bila kubahatisha, kama mtu anavyochukua mtungi wake kisimani. Muthoki alirudi na moja refu. Wengine walibeba mawili mawili. Susu Ndululu alikuja na moja bapa kama sahani na jingine la mviringo kama boga.

"Haya ni ya nini?" nikauliza.

"Ni ya mizani, mwana wakwa," akasema Susu Ndululu. "Hili lilikuwa mgongoni, hili lilikuwa hapa kwa kiuno, chini ya leso."

Nikasimama hapo kama mti. Sweta. Leso mbilimbili. Homa katika jua la Oktoba!

Nthenya akainua kichwa kutoka kwenye godoro. Alikuwa analia na kucheka pamoja. "Langu lilikuwa hapa chini ya tumbo," akasema. "Kila mtu alifikiri ni mtoto."

Kukasirika kulihitaji nafasi, na nafasi haikuwepo. Tukayapanga mawe sakafuni chini ya viti, mazito katikati, la Nthenya tukaliweka karibu na miguu yake. Kina mama wakaketi huku na huku, wakamshika mikono na mabega. Nikashuka kupima. Kiganja kimoja kamili.

"Nipe ufunguo," Mutunga akasema. "Mto umejaa, Syombua. Si mchezo."

"Kaa mbele uniangalie mwamba."

Akanitazama, akaingia, akakaa.

Ni kama kwa miezi miwili nilikuwa sijaendesha gari hili. Nilikuwa naendesha jingine, lile jepesi. Leo lilishuka kwenye maji likainama taratibu, likainuka taratibu, springi zikapumua. Maji yalisukuma ubavuni na uzito wetu ukakataa. "Kushoto," Mutunga akasema. "Kidogo. Sasa nyoosha. Mwamba uko chini yetu... umepita." Nyuma walikuwa wanaimba pambio polepole. Nthenya hakupiga kelele hata mara moja mpaka tulipotoka ng'ambo, na hapo alipiga ya furaha.

Tulipofika barabara ya Mutomo Mutunga akasema, akiangalia nje ya dirisha, "Hizo springi si mbaya." Nikajifanya sikusikia, ili arudie. Akarudia.

Saa kumi na moja na dakika arobaini, msichana. Muuguzi alimpima akasema kilo mbili na nusu. Kina mama wakanisukuma mbele: "Syombua, kagua, asije akawa ameficha jiwe!" Nilikagua nepi mwenyewe. Hakuna jiwe.

Amepewa jina Syombua. Nthenya anasema ni kwa sababu amezaliwa wakati wa mvua, maana kwetu mvua ni mbua. Sawa. Mimi najua dereva alikuwa nani.

Alhamisi, 6 Desemba

Tumerudi bila Nthenya na mtoto, wanapumzika. Njiani nikasimamisha gari nikageuka. Nikasema, "Sasa niambieni. Nimegombana na Irungu mbele ya soko zima. Nimechekwa msimu mzima. Mlikuwa mnajua!"

Muthoki akasema, "Yule karani wa utepe, mwezi wa nane. Hukuwepo. Alitupanga mstari kama mbuzi wa mnada, akashika mkono wangu hapa juu kwa vidole viwili, vikakutana. Akaandika na wino nyekundu. Mmoja wetu akauliza ameandika nini, akasema, 'Wadhoofu, hawa wote.' Sisi, tuliochimba hayo matuta yote! Basi uliposema unaleta mizani tena, tulikaa tukasema, hatuandikwi hivyo mara ya pili. Na hii ni gari yetu. Haitanunuliwa springi za njaa. Itanunuliwa zetu sisi, vile tulivyo mwaka wa shibe."

"Mngeniambia mimi."

"Wewe unaamini mshale kuliko mtu," akasema Susu Ndululu. "Tungekuambia, ungeandika kweli."

Ni kweli ningeandika. Nilikasirika mpaka kwenye mti wa kwanza wa miiba, kisha nikamkumbuka Susu Ndululu akinunua nyanya moja, nikacheka mpaka nikashindwa kuendesha gari. Na Muthoki hakuwa ananitakia mabaya, alikuwa anaona haya. Nimemwomba msamaha kwa nililomfikiria, naye hakujua nilimfikiria nini, akanisamehe hivyo hivyo.

Tumekubaliana hivi: mawe yanabaki ndani ya gari. Kila mwezi tutapanda mizani, safari hii bila sweta, na atakayefikia kilo alizojiandikia atatoa jiwe lake.

Jumanne, 25 Desemba

Mume wangu amekuja kutoka Mombasa. Mbuzi. Hakuna safari.

Jumatano, 9 Januari 1985

Majani ya kunde kila nyumba, na mahindi mabichi ya kuchoma. Mizani imepandwa. Muthoki amekuwa wa kwanza kutoa jiwe. Amelibeba mwenyewe mpaka kwake, hakutaka kusaidiwa.

Jumamosi, 19 Januari

Mawe manne yametoka. Susu Ndululu ametoa lile la mviringo, analitegea mlango usipigwe na upepo. Lile bapa bado liko.

Jumamosi, 2 Februari

Ndengu zinavunwa. Safari mbili sokoni leo. Mayai: yamepakiwa thelathini, yamefika thelathini. Mutunga alipanda nyuma na gunia lake, akalala mpaka Mutomo akikoroma. Sikumwamsha. Nilitaka kila mtu amwone.

Jumamosi, 9 Februari

Kibwezi. Nimemwomba Irungu radhi mbele ya watu wale wale, kwa kuwa niligombana mbele yao. Akaingiza mkono juu ya ekseli, kina mama wote wakiwa ndani: kiganja kimoja, na gari halina mawe ila lile bapa. "Sasa hii ndiyo mia saba," akasema. "Umewafanya nini hawa?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akakalia tairi. Akamwita Wariara amsimulie. Wariara hakucheka hata kidogo. Aliingia ndani akatoka na gunia la kabichi akalipakia garini bila kuuliza bei wala kumwuliza mumewe.

"Lakini upande wako ungali juu," Irungu akaniambia nikiondoka.

"Springi yako hiyo ina kasoro."

"Springi haijui kusoma," akasema.

Ijumaa, 22 Februari

Sikulala vizuri. Kesho kikao. Nimeosha gari, hata chini.

Jumamosi, 23 Februari

Kanisa lilijaa. Muthoki alisema nikabidhi ufunguo mezani kwanza, nikaukabidhi. Akauliza nani ana neno.

Mutunga akasimama. Nikajishika kwenye benchi. "Mimi niliendesha hiyo gari miaka miwili," akasema, "na kila wiki niligonga ule mwamba, nikasema ni kosa la mwamba. Sitaki ufunguo. Naomba tu kiti cha mbele, nikikuta nafasi." Watu wakapiga makofi. Akaketi, akatafuta kijiti mfukoni.

Muthoki akainama chini ya meza akainua kitu kilichofungwa kwa leso, akakiweka juu ya ufunguo. Meza ikalia. Akafungua. Jiwe.

"Hili ni la Syombua," akasema.

"Mimi sikuwa na jiwe," nikasema. "Mimi ndiye peke yangu niliyepima kweli."

"Ndiyo hiyo shida," akasema Susu Ndululu kutoka benchi la mbele. "Ulivua viatu, ukasimama pale na gauni moja, arobaini na saba, ukajiandika. Hukuona wewe ndiye umekonda kuliko sisi wote. Sisi tuliona. Kila safari hiyo gari inainama upande wetu, na wewe unalaumu springi."

"Sisi tulijipima shibe," Muthoki akasema. "Wewe ulijipima njaa, peke yako. Weka hilo chini ya kiti chako. Ukifika kilo zetu, utalitoa kama wengine. Ufunguo uko chini yake, uchukue."

Nililia mbele ya kanisa zima, na sioni haya kuliandika. Muda wote ule niliwapima watu kumi na mmoja kwa macho yangu mawili, na wao walikuwa wananipima mimi.

Jumapili, 24 Februari

Jiwe ni kilo kumi na tatu, liko chini ya kiti changu limefungwa kwa ile leso lisigonge. La Susu Ndululu ndilo jingine lililobaki. Anasema tuone nani atatoa lake kwanza.

Nimepima pande zote mbili baada ya ibada, gari likiwa limejaa. Kushoto kiganja. Kulia, upande wangu, kiganja na nusu kidole.

Leo nimekula muthokoi sahani mbili, na ya tatu Muthoki ameniletea mpaka nyumbani.